Kicheko cha Bwana Raha

Katika kila filamu yenye sherehe, dada wa vipodozi alimpaka poda mtu yule yule: yule anayesimama nyuma ya mabwana wakubwa na kucheka. Hakuwahi kupewa hata neno moja la kusema. Wenzake walimwita Bwana Raha. Bilauri yake ilijaa chai ya rangi iliyopoa, naye aliinywa macho kafumba, kama anaonja asali. Mhusika mkuu alipoongea, muziki ulizimwa ili sauti yake inaswe vizuri, kwa hiyo wageni wa sherehe walicheza kimya, wakacheka kimya. Hapo Bwana Raha hakuwa na mpinzani: kichwa nyuma, mabega yakitikisika, mdomo wazi hadi magego. Wakiambiwa wapumzike, wenzake walivua viatu wakajitupa vitini. Yeye alichelewa kufunga mdomo.

Siku hiyo mhusika mkuu, tajiri aliyekwisha kustarehe hadi kukinai, aliuliza, "Haya yote ni ya nini?" Mwongozaji akataka kicheko kiwe ndiyo jibu.

"Kaka, hiki tunakirekodi. Cheka kwa sauti."

Bwana Raha akacheka. Kichwa nyuma, mabega, magego, mbavu kazishika. Chumba kizima hakikusikia kitu. Dada wa vipodozi akaona haya kwa niaba yake.

"Toa sauti, kaka yangu," akamnong'oneza.

Pembeni, fundi wa sauti alikuwa ameshavua hedifoni masikioni na kuziweka mezani.

"Mwambieni inatosha," alisema. "Mwambieni aache kulia."