Nyundo ya Aliyeshindwa

Maji yalinifika kifuani, asubuhi, jua limeshatoka, na mkono wa mke wangu Skolastika ukaniponyoka pale pale mlangoni pa nyumba yetu mpya. Mimi nilipata mti, nikaung'ang'ania. Yeye hakupata kitu. Nyumba zote za bondeni zilikwenda na maji. Waliotupanga pale nawataja: Mwenyekiti Silvesta na Katibu Zakaria.

Nirudi nyuma kidogo. Tulipokusanywa kijiji kimoja, sisi Wapimbwe wenyeji tulichanganywa na watu wa mlimani, nao wakatuzidi kidogo tu. Siku ya kuchagua viongozi, watu walisimama mstari nyuma ya mtu wao. Kila kiti cha halmashauri kilichaguliwa kwa mistari ileile, basi vyote vikaenda kwao. Walipokaa kugawa viwanja, mle ndani hakuna aliyejua mto ule unapita wapi wakati wa masika. Tuliojua tulikuwa nje, tunaambiwa nyie mmeshindwa, tulieni.

Baada ya matanga, dereva mmoja wa lori akanisimulia kijiji cha njia ya Karema ambako walioshindwa nao wanatawala. Sikumwamini. Nikafunga mzigo.

Siku ya kwanza nilifika Mpanda kwa lori, juu ya magunia ya mpunga, nikalala mtaa wa Misunkumilo kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu. Akaniuliza, "Shemeji, unafuata nini huko? Mkutano haufufui mtu."

"Nataka kujua kama ilikuwa lazima afe."

Asubuhi akanifungia viazi vya njiani.

Siku ya pili, msituni, mbung'o walituuma mpaka utingo akaanza kuwatukana kwa Kifipa. Halafu lori likashika mteremko, na ziwa likafunguka mbele yetu. Mimi tangu mafuriko nilikuwa naogopa hata maji ya beseni. Lakini siku ile moyo ulinidunda kwa furaha, nikasimama juu ya lori kama mtoto.

Mchana nikafika kijijini. Nje ya ofisi ilining'inia rimu ya gari, ndiyo kengele yao. Nyundo ya kuigonga alikuwa nayo mama mmoja, Agripina, muuza dagaa. Ndiye aliyeshindwa uenyekiti. Desturi yao, aliyeshindwa anapewa nyundo, tena anapewa kamati mbili kati ya tano aziongoze. Mkutano haufunguki wala haufungwi bila yeye kugonga.

"Nilimshinda kwa mstari mrefu," Mwenyekiti wao, Benedikto, aliniambia, "sasa ananitawala kwa chuma."

"Ulinishinda kwa mashemeji," Agripina akasema. "Mstari wako nusu yake ilikuwa harusi."

Wakacheka wote wawili. Kisha kazi ikaanza. Wakulima, upande wa Benedikto, walitaka shamba la pamoja ufukweni, wavuvi wanapoanika dagaa, na vigingi vya mipaka walishavipigilia. Agripina akaweka nyundo mapajani, akasema hagongi mpaka waende kupatazama. Tukaenda wote. Akachimba mchanga kwa kisigino, maji yakajaa shimoni. Benedikto akachuchumaa, akatazama, akang'oa vigingi kwa mkono wake, akavihamishia nyuma ya kilima.

Vigingi vinang'oka! Nilicheka, na machozi yakanitoka. Nikamuuliza Benedikto kama haoni aibu kusahihishwa na aliyemshinda. Akajibu, "Ningejaza watu wangu tu, nani angeniambia nakosea?"

Siku ya nne nilikuwa barabarani kurudi, nawasimulia abiria, na kila aliyepanda nikamwanzia upya, mpaka utingo akasema nigombee ubunge nimpumzishe.

Nyumbani nikaomba mkutano. Zakaria akanifungulia daftari la halmashauri, akaniwekea kidole mahali pa ugawaji wa viwanja: "Hakuna aliyepinga." Nasoma kwa shida, lakini hilo nililisoma. Mkutano akaninyima.

Safari ilinijibu nililomwambia shemeji: haikuwa lazima. Mtu mmoja tu wa kwetu mle ndani angetosha.

Basi Silvesta, simama mbele ya watu. Siku ile ya viwanja, mle ndani ulimwacha nani wa kupinga? Na wewe Zakaria, lisome lile daftari kwa sauti, ukisimama bondeni, pale palipokuwa na mlango wangu.