Niliisajili Lebo ya Mamdogo kwa Jina Langu

Umewahi kumwita mtu mwizi mbele za watu, halafu kompyuta yako mwenyewe ikaandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba mwizi ni wewe?

Mimi yamenikuta.

Na hiyo, ndugu zangu, ilikuwa aibu ndogo ya siku ile. Kubwa ilikuwa bado njiani.

Kazi yangu ni kuchora lebo kwa kompyuta. Sabuni, asali, dawa ya viatu, wewe leta chupa tu, mimi naivalisha. Nina chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Feni moja, meza moja, na kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshachoshwa na wenzangu.

Mamdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu, dada yake, alifariki nikiwa sijaanza shule. Mamdogo hakuwa na mtoto, akanichukua. Akaniita Kichwa, kwa sababu nilikuwa nacho kikubwa kuliko mwili, na jina likanikaa mpaka utu uzima. Akipiga simu, neno la kwanza ni, "Kichwa, umekula?"

Mamdogo anapika mafuta ya nywele. Alianza na majirani, sufuria moja jikoni. Siku moja, mimi nikiwa nimeshahama kwake miaka mingi, akapanda ngazi za ofisini kwangu akihema, mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa picha ya penseli. Mtoto anaonekana kwa nyuma, amekaa chini kati ya magoti ya mtu mzima, ameinamisha kichwa. Mkono wa yule mtu mzima umeshika chanuo.

"Nichoree hii vizuri kwenye kompyuta," akasema. "Lakini usiibadilishe sana."

"Umechora wewe?"

"Zamani hizo. Wewe chora."

Nikaipiga picha kwa simu, nikaiweka kwenye kompyuta, nikachora juu yake. Kusema kweli niliona mchoro wenyewe una kasoro nyingi. Nywele za mtoto zilikuwa za mabaka mabaka, nikazijaza. Kulikuwa na madoa ya penseli hapa na pale, nikayafuta. Halafu nikamtia hereni, binti wa watu apendeze.

Mamdogo aliitazama kwa muda mrefu.

"Mbona umempa hereni?"

"Wateja wako si wanawake?"

Akacheka. "Haya, bwana fundi."

Jamani, ile lebo ilishika. Watu walikuwa hawatamki jina la mafuta, wanasema, "Nipe yale ya mtoto aliyeinama." Mpaka duka kubwa la mjini likayataka. Ila wakamwambia, hatuweki chupa kwenye rafu bila alama ya biashara kusajiliwa.

Akanijia. "Kichwa, hizi fomu za mtandaoni siziwezi. Nijazie."

Nikajaza.

Nilipofika palipoandikwa "Jina la mmiliki wa alama," nikaandika langu.

Sitatafuta kisingizio. Wiki ile rafiki yangu mmoja, mpiga picha za harusi, alikaa ofisini kwangu akaigeuzageuza ile chupa. Akasema, "Kinachouza hapa si mafuta, ni hii picha. Na picha ni yako. Mwenzio anaingia maduka makubwa, wewe umebaki na feni." Maneno yale yaliniingia, na yakakuta pa kukaa. Yeye aliongea tu. Aliyeandika jina ni mimi.

Ombi likapokelewa. Nikatafuta wakili, akamwandikia Mamdogo barua kali: aache mara moja kutumia alama isiyo yake, la sivyo atashtakiwa.

Siku mbili baadaye akapiga simu.

"Kichwa, nimeletewa barua hapa. Wameandika majina yako yote matatu. Kuna mtu anatumia jina lako vibaya, mwanangu. Wahi polisi kabla hawajakuharibia."

Nikatazama feni ikizunguka.

"Upo?"

"Nipo, Mamdogo. Barua ni yangu."

Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria mara moja. Kisha simu ikakatika.

Niliona haya? Kidogo. Nikajiambia biashara ni biashara. Tena niliposikia ameweka pingamizi kwa msajili wa alama za biashara, akisaidiwa na wakili binti wa msaada wa kisheria, nikakasirika. Yaani mimi niliyempandia mtu kichwani nikaona yeye ndiye kanipanda.

Asubuhi ya kusikilizwa kwa shauri nilipita kwa kinyozi nikanyoa. Nilitaka nionekane mtu wa maana. Kinyozi akaniuliza, kama anavyouliza kila mara, "Kaka, hapa kwenye kovu nipitishe mashine juu juu?" Nikamwambia nyoa tu, nina haraka. Kovu lenyewe liko kisogoni, chini karibu na shingo, sijawahi kuliona. Naambiwa tu.

Kwenye korido ya ofisi ya msajili nikamkuta Mamdogo amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini.

Mama aliyenilea. Sikumwamkia. Nilishika simu nikajifanya nasoma ujumbe, nikampita.

Chumba kilikuwa kidogo. Mbele meza ya msajili, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kisha meza mbili za sisi wenye ugomvi. Nyuma yetu mabenchi, na watu kama kumi wanaosubiri zamu za kesi zao.

Nikapewa nafasi ya kusema. Nikasimama, nikakohoa.

"Mheshimiwa, sisi wachoraji tunaibiwa kila siku. Mtu anachukua jasho la mwenzake, anabandika kwenye chupa, anajiita mwenye mali. Huu ni wizi kama wizi wa kuku!"

Nyuma wakacheka. Nikajisikia.

"Ushahidi wako ni nini?" akauliza msajili.

"Faili lenyewe, mheshimiwa. Faili la asili huwa nalo aliyechora tu. Nitawaonyesha kazi yangu tangu mstari wa kwanza."

Sasa hapa niwaambie siri ya ofisini kwangu. Programu yangu ya kuchorea sikuinunua. Niliipata imechakachuliwa, nikawa naitumia miaka saba. Sharti lake ni moja tu: uzime intaneti kabla ya kuifungua, isije ikawapigia simu wenyewe walioitengeneza. Nilikuwa nimezoea kuzima bila hata kufikiri, kama mtoto anavyofunga mlango kabla ya kudokoa sukari.

Pale projekta yao haikuwa na waya. Ilitumia mtandao wa chumba. Karani, kijana mpole sana, akaniambia, "Lete nikuunganishie, mzee." Nami nikampa kompyuta, huku nikiendelea kunyoosha tai.

Nikafungua programu. Ukutani ukatokea ujumbe mwekundu:

NAKALA HII HAINA LESENI HALALI. HUENDA UNATUMIA PROGRAMU YA WIZI.

Halafu sauti moja nzito kutoka benchi la nyuma ikasema, "Kuku huyo!"

Waliangua kicheko mpaka karani akageukia dirishani. Wakili wangu akafunika uso kwa faili. Mimi nilikuwa nabonyeza kila kitu kuondoa ule wekundu, jasho linanitiririka mgongoni.

Msajili hakucheka. "Hilo lina wenyewe, na wenyewe wataliuliza kwa wakati wao. Leo tuko kwenye alama. Endelea."

Nikaendelea, ingawa sauti ilikuwa imeshapungua. Sisi tunachora kwa leya, ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hii ina mkono, hii ina chanuo, hii ina nywele. Pembeni kila leya ina kijicho kidogo. Kikifumbuka inaonekana, kikifumba imefichwa. Nikawaonyesha moja baada ya nyingine.

"Na hiyo ya chini kabisa?" akauliza msajili. "Yenye kufuli, jicho limefumba."

Nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Hiyo... haina kitu, mheshimiwa."

"Ifungue."

Nikafungua. Ile karatasi ya daftari ikajaa ukutani, na mikunjo yake minne, na penseli ya Mamdogo.

Wakili wangu akaruka. "Mheshimiwa, mchoro huu hauna sahihi! Mteja wangu anaweza kuwa ameuchora mwenyewe kabla ya kuuingiza kwenye kompyuta. Sivyo?"

Akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Mamdogo aliniona nikiitikia.

Msajili akamgeukia. "Mama, karatasi yenyewe unayo?"

"Sina. Alibaki nayo yeye."

"Basi tuambie kitu kuhusu mchoro huu ambacho aliyeuchora tu ndiye angekijua."

Mamdogo akasimama, mkoba mkononi.

"Huyo mtoto alikuwa na mapunye, mheshimiwa. Ndiyo maana hapa nywele zipo, hapa hazipo. Haya mafuta nilianza kuyapika kwa ajili ya kichwa hicho, hata sijawaza kuuza. Nilikuwa nampaka kila jioni, akishalala nachora ili nione kesho mabaka yamepungua au la. Na hapo kisogoni si doa. Ni kovu. Kinyozi alimkata na wembe alipokuwa anamnyoa mapunye."

Nikatazama ukutani. Doa lile nililolifuta miaka ile, ukutani lilikuwa kubwa kama kiganja. Lilikuwa na umbo la harage.

"Mtoto huyo yuko wapi?" akauliza msajili. "Anaweza kuja kuthibitisha?"

Mamdogo akaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Siwezi kumtaja."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanamcheka shuleni. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote, maisha yangu yote, kwamba aliwahi kuwa na mapunye. Nikamwahidi."

"Mama, unaweza kuipoteza alama yako kwa ahadi ya mtoto."

"Najua, mheshimiwa."

Wakili wangu akapanua mikono akiwageukia watu wa nyuma. "Kwa hiyo mtoto hayupo!"

Nikakumbuka kila kitu. Kofia ya sufu niliyovaa darasani jua kali. Nikilia kwenye magoti yake. Harufu ya yale mafuta yakiwa ya moto. Na mimi nikimwapisha, "Sema haki ya Mungu hutasema," naye akisema.

Ningesimama pale pale niseme, ningekuwa mtu. Sikusimama.

Mnajua nilifanya nini? Mkono wangu ulipanda taratibu mpaka shingoni, nikavuta kola ya shati juu.

Kumbe waliokaa nyuma yangu walikuwa wameshatazama ukuta, wametazama kisogo changu kilichonyolewa asubuhi ile ile, na wametazama ukuta tena. Hakuna aliyecheka. Ile sauti ya kuku ikasema, safari hii polepole kabisa:

"Mheshimiwa, mtoto si huyo hapo mbele?"

Msajili akavua miwani.

"Bwana," akasema, "shusha kola."

Nikashusha.

Nikageuka nikawapa wote kisogo waone. Karani alikuja akasimama karibu, akatazama, akarudi kuandika. Nilimsikia mtu akisema, "Maskini mama wa watu." Hakusema maskini mimi, na alikuwa sahihi.

Nikasema, bila kugeuka, "Mtoto ni mimi. Mchoro ni wake. Nilidanganya." Wakili wangu alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Ombi langu likakataliwa siku ile ile, na Mamdogo akaelekezwa kuisajili alama kwa jina lake.

Nilimkimbilia kwenye korido. Sikujua niseme nini, nikasema nilichopaswa kukisema asubuhi.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba." Akarekebisha mkoba begani. "Asubuhi ulinipita."

"Nisamehe. Nisamehe sana."

Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Mimi sikukutaja," akasema. "Uliniapisha, na sikukutaja. Umejitaja mwenyewe."

Akaondoka na yule wakili wake binti.

Ni mwaka sasa. Programu nimenunua, ina leseni, na kila nikiifungua inanisalimia kwa majina yangu matatu.

Mamdogo naye napiga simu, anapokea. Tunaongea vizuri tu, afya, mvua, bei ya chupa. Lakini haniiti tena Kichwa. Ananiita majina matatu, yote, kama yalivyoandikwa kwenye ile barua. Wala hajaniuliza tena kama nimekula.

Juzi niliingia lile duka kubwa. Mafuta yapo, rafu nzima. Lebo imechorwa upya na fundi mwingine. Hereni hakuna, nywele zimerudishwa mabaka mabaka, na kisogoni pana harage dogo jeusi. Sasa hivi natazamwa na kila anayenunua mafuta ya nywele, na hawajui kuwa ni mimi.

Nikachukua chupa moja, nikapanga foleni, nikalipa kama watu wengine.

Funzo langu ni fupi. Ukiona umeanza kupiga kelele za mwizi, kwanza omba mtu akutazame kisogoni. Nyani haoni kundule, na mimi nililipeleka la kwangu mwenyewe ofisini kwa msajili, nimelinyoa vizuri, nikaomba na projekta.