Buti Zilizolowa Kwenye Zulia la Mama Tony

Kwich. Kwich. Kwich. Walinisikia kabla hawajaniona. Ndiyo sauti iliyonitangulia kwenye ngazi za mbao za Mama Tony Jumamosi ile, na nyinyi marafiki zangu ambao habari hii mmeshaipata kwa watu wengine (najua mmeipata, Brooklyn Park nzima huku Minnesota imeipata, hata binamu yangu wa Inver Grove Heights alinipigia simu akicheka kabla hajanisalimu), leo niacheni niisimulie mwenyewe, kwa sababu kila anayeisimulia huongeza maji, na maji yalikuwa mengi ya kutosha.

Aibu naikubali yote. Lakini mjue kwanza nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa nimebakiza siku moja niondoke kwenda kwenye kazi yangu ya kwanza ya kuzima moto wa misitu, msimu mzima, huko kaskazini ambako miti ni mingi kuliko watu, na tangu nilipomwambia Mama kwamba nimeacha kazi kwenye makao ya wazee na kwamba masomo ya uuguzi yatasubiri, zilikuwa zimepita siku tisa bila yeye kuitaja safari hiyo hata mara moja. Si kwamba alikuwa amenuna. Alisema chakula kipo, alisema zima taa ya bafuni, alisema leo kuna upepo. Lakini nikitaja msitu, Mama aliinuka akaenda kufuta meza iliyokuwa safi. Na huyu ni mtu ambaye hajui kumwachia mtu aondoke hivi hivi: mgeni yeyote akiaga kwetu, Mama huvaa koti na kumsindikiza mpaka kwenye gari, hata Januari ile ambayo kope zinashikana kwa barafu, na pale kwenye gari husimama naye wakaanza mazungumzo upya. Fundi aliyekuja kutengeneza friji alisindikizwa. Mimi nilichotaka kwake ni neno moja. Aseme nenda. Sikutaka kuondoka kama niliyefukuzwa, wala kama niliyetoroka.

Neno halikuja, basi nikawa napanga begi. Orodha ya vitu ilikuwa kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku: fulana za pamba tupu, soksi nzito za sufu, taa ya kuvaa kichwani, chupa za maji, glavu za ngozi, buti za ngozi zinazopanda juu ya kifundo cha mguu. Nilipanga, nikapangua. Nikakunja, nikaviringisha, nikakunja tena. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa, goti linacheza lenyewe, nikisimama, naenda dirishani kutazama yale malundo ya theluji ya Aprili pembeni mwa magari, meusi kama makaa, yanavyopungua kila siku, na mimi naona kana kwamba yananihesabia. Kisha narudi kwenye begi. Zipu ilikataa kufunga, nikaikalia, ikafunga, nikakumbuka kitu, nikafungua. Asubuhi hiyo ya Jumamosi, kwa mara ya kwanza, begi lilifunga bila mimi kulikalia. Nililitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyelala baada ya kulia kutwa. Nikaapa moyoni kwamba hilo halifunguliwi tena.

Tatizo lilikuwa buti. Zilifika Alhamisi (nilichelewa kuagiza, na hiyo pia ni juu yangu), ngumu kama mbao, na barua ya kazi ilisema wazi kwamba kila mtu afike na buti ambazo mguu umeshazizoea. Wenzangu walikuwa wamezivaa tangu baridi kali. Mimi nilikuwa na siku mbili. Ndipo nikaingia kwenye simu, nikamkuta mzee mmoja mwenye ndevu hadi kifuani, amekaa kwenye gogo, akieleza kwamba dawa ni kuziloweka: jaza beseni la kuogea maji ya uvuguvugu, ingia ukiwa umezivaa, simama mpaka ngozi ilainike, halafu tembea, tembea, tembea mpaka zikukaukie mguuni. Akasema zitakuwa zako peke yako duniani. Nilimpenda yule mzee. Aliniambia maneno mengi kuliko Mama.

Alisema pia uvae soksi nzito za sufu. Hilo nililisikia vizuri, siwezi kujificha nyuma ya ndevu zake. Lakini soksi za sufu zilikuwa chini kabisa ya begi, na begi lilikuwa limefunga. Nilisimama juu yake labda dakika nzima. Kisha nikavuta droo, nikatoa soksi zangu za kazini, zile nyembamba za nailoni, nikasema, soksi ni soksi.

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Nikasimama kwenye beseni dakika ishirini kama korongo, nikafunga kamba (kamba za ngozi, mafundo matatu, kwa sababu mzee alisema zikaze), nikatoka. Nyuma ya fleti zetu kuna njia ya baiskeli inayozunguka kidimbwi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Nilijiona tayari niko kwenye kilima, shoka begani, moshi kwa mbali. Mzunguko wa pili kisigino kikaanza kunong'ona. Wa tatu kikapaza sauti. Wa nne nilikuwa natembea kama bata aliyevunjika nyonga, nikijiambia kwamba maumivu ndiyo mazoezi yenyewe, na hapo simu ikalia. Mama.

"Zile chapati nimesahau mezani, lete kwa Mama Tony saa nane," akasema. "Watakuombea."

Akakata.

Watakuombea. Eleweni kwamba kikundi cha maombi hakimwombei mtu ambaye hakutajwa. Mtu lazima aseme, mtoto wangu anasafiri. Mama alikuwa amesema. Sikumsikia mimi, walimsikia wao, lakini alisema, na kama ameyasema kwao, labda mbele yao angeyasema na kwangu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na tano. Nilikimbia, kama ule unaweza kuitwa mbio.

Nyumbani nikainama nivue buti. Kamba zilikuwa zimelowa zikanywea, mafundo yamekuwa kokoto. Nikajaribu kucha, nikajaribu uma, nikajaribu meno (ngozi mbichi ina ladha ambayo sitaki kuieleza). Kisu kilikuwepo, lakini nilikuwa sina kamba nyingine, na Jumatatu natakiwa kazini. Nikaona basi, nitavulia huko huko. Nikabeba hotpoti ya chapati, nikaingia kwenye gari, na njia nzima kila nikikanyaga breki, maji yananijibu.

Sasa Mama Tony. Ndiye kiongozi wa kikundi, mama mkarimu, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na alikuwa amehamia nyumba mpya na kutandika zulia jipya, rangi ya maziwa, ukuta hadi ukuta. Mlangoni kwake kuna rafu ya viatu na kikapu cha sapatu za wageni, na hakuna anayevuka pale na kiatu, awe mchungaji au awe daktari. Alifungua mlango akiwa ameshaanza kutabasamu na kushangaa kwa pamoja.

"Ni wewe unayelia hivyo? Karibu, mpenzi. Viatu hapo."

"Mama Tony, hazitoki."

"Hazitoki vipi? Zimeota?"

Nyuma yake watu kumi na wawili walikuwa wamekaa duara, Biblia magotini. Mzee Githinji, ambaye ndiye huombea safari zote za watu wetu, akainua miwani, akanitazama kuanzia chini, akauliza kama huyu ndiye anayekwenda kuzima moto, maana maji amejiletea mwenyewe. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha dirishani, tayari amevaa sare ya hospitali kwa zamu ya jioni, anatazama nje.

Mama Tony akaleta mifuko miwili ya plastiki ya dukani, akanifunga kila buti ndani ya mfuko, fundo juu ya kifundo, kama anafunga mboga. Nikavuka zulia. Sasa sauti zilikuwa mbili, kwich na ule mchakacho wa plastiki, na kila mtu akawa mstaarabu sana na kutazama Biblia yake. Wakanikalisha katikati ya duara. Wakaniwekea mikono, kichwani, mabegani, mgongoni. Mzee Githinji akaanza.

Mzee Githinji haombi kwa haraka. Alianza na kumshukuru Mungu kwa kuumba miti, akaenda kwa upepo, akaenda kwa wanyama wa porini na kuwataja mmoja mmoja, na kadiri alivyoendelea ndivyo ngozi ya buti ilivyozidi kukauka na kunibana, na mimi nikawa nasikia visigino vyangu vinapiga kama mioyo miwili. Nilishika kiti. Niliuma mdomo. Alipofika kwa dubu nikaguna, na mtu nyuma yangu akasema amina. Nikaguna tena, amina zikawa tatu. Nikasema kwa sauti, jamani siwezi tena, na duara lote likasisimka, wakajua Roho ameshuka, mikono ikanikandamiza zaidi, Mzee Githinji akapandisha sauti akarudi kwenye upepo, na mama mmoja akaanza kulia. Machozi yalikuwa yananitoka na mimi, lakini ya kwangu yalikuwa ya miguuni.

"Ngojeni."

Ilikuwa sauti ya Mama. Haikuwa kubwa. Nikafungua macho nikamwona amesimama, anatazama chini.

"Huyo haombi," akasema. "Huyo anaumia."

Miaka yote Mama anafunga vidonda kule Minneapolis. Mguno wa maumivu anaujua na milango ikiwa imefungwa. Watu wakafuata macho yake. Mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu, katikati ya zulia la rangi ya maziwa, kulikuwa na nyayo za kahawia, moja moja, safi kabisa, kama ramani ya kunifikisha kwenye aibu yangu.

Mama akatoa mkasi wa bandeji mfukoni mwa sare, akakata zile kamba, na sikuthubutu kumwambia ndizo pekee. Mzee Githinji akanishika makwapani, Mama Tony akashika buti kwa mikono miwili, wakahesabu, wakavuta. Buti ilitoka na sauti ambayo sitaiandika. Mama Tony akaenda nayo kinyumenyume, akakaa chini akiwa ameikumbatia, na maji yote yaliyobaki yakamwagika kifuani pake na kutoka hapo kwenye zulia. Watu wakatazama zulia kwanza, kisha Mama Tony, mimi nikiwa wa mwisho. Kisha mama yule aliyekuwa akilia akaanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Mama alikuwa amepiga magoti. Soksi ilikuwa imeshikana na kisigino, akawa anaibandua kidogo kidogo kwa maji ya chumvi.

"Hizi si soksi za kazini?"

"Ndizo."

"Za sufu ziko wapi?"

"Chini ya begi."

"Kwa nini hukuzitoa?"

"Begi lilikuwa limefunga," nikasema, na nilivyojisikia nikilisema, nilitamani zulia linimeze pamoja na nyayo zangu.

Mama akafunga bandeji, akabana plasta, akasimama. Akapiga simu hospitali kwamba atachelewa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, hata nilipokuwa na tetekuwanga. Tukaenda nyumbani. Akafika moja kwa moja kwenye begi, akavuta zipu, akamwaga kila kitu kitandani.

Akaanza kusoma lebo. Moja moja, miwani puani. Fulana hii akaweka kulia. Suruali ya ndani hii akaitupa kushoto.

"Hii ina nailoni. Ikipata joto inayeyuka inashika ngozi."

Nikamtazama. Maneno hayo yalikuwa kwenye orodha, kwenye mlango wa friji, mstari mdogo wa chini kabisa ambao mimi mwenyewe niliusoma kwa haraka. Siku tisa nilidhani anapita pale kuchukua maziwa.

Akapanga yeye. Soksi za sufu zikawa juu kabisa. Mfuko wa pembeni akajaza bandeji, plasta na dawa ya kupaka, akaniambia nibadilishe asubuhi na jioni, na wiki ya kwanza, ile ya mafunzo ya darasani, nivae viatu vya wazi, nisijifanye shujaa. Begi likafunga kwa kidole kimoja.

Jumapili asubuhi nilikuwa kwa Mama Tony, nimepiga magoti na brashi na sabuni ya zulia. Nyayo nyingi zilitoka. Moja imekataa, iko pale mpaka leo chini ya meza ndogo, na nasikia mgeni akija meza huondolewa aonyeshwe. Na mimi tangu siku hiyo nimejiapiza: begi likinilazimisha kuchagua kati ya zipu na mguu, nafungua, hata mara kumi, hata gari likiwa linanisubiri. Na kwa mtu mwenye zulia jipya sikanyagi kabla viatu vyangu havijakauka.

Mchana nikawa tayari. Kandambili miguuni, begi mgongoni, buti zikining'inia shingoni kwa kamba mpya. Nikasimama mlangoni nikimsubiri Mama achukue koti lake pale linapotundikwa. Hakulichukua. Alisimama tu mikono imekunjwa, na mimi nikahisi zile siku tisa zinarudi zote kwa pamoja.

"Hunisindikizi?" nikauliza.

"Ninaowasindikiza ni wageni," akasema, akinyoosha kola yangu. "Wewe nenda. Ufunguo unao."

Akafunga mlango.