Mashine ya Kijani na Fromaji ya Mama Murekatete

Damascène wa Mushaki alikuwa fundi wa mbao, lakini kwa miaka miwili hakutengeneza hata kiti. Ukimuuliza, anasema mgongo unamuuma. Uongo mtupu! Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Kilichomuuma ni aibu. Vyombo alivyoachiwa na baba yake, misumeno, randa, na ile keekee ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono huku umeiegemea kwa kifua, viliibwa vyote siku walipokimbia vita. Waliporudi walikuta kuta tu. Mke wake, Claudette, akauza maharagi ya msimu mzima, akashuka soko la Sake, akamletea sanduku la vyombo vya bei ya chini: nyundo, msumeno, patasi mbili, na mashine ya kutoboa ya batri, ya plastiki ya kijani.

Damascène alishukuru kwa mdomo. Moyoni alisema hiyo ni michezo ya watoto. Aliijaribu mashine mara mbili, na mara zote mbili ikatoa moshi na kuzimika mpaka ipoe, basi akafunga sanduku. Watu wakimletea kazi ya mlango au ya paa, anawatuma kwa fundi mwingine kule Karuba. Claudette aliyaona yote hayo akanyamaza, na kunyamaza si kawaida yake hata kidogo.

Asubuhi moja Mama Murekatete akaingia uani mbio, kitenge kinamponyoka. Huyu mama ndiye anayetengeneza fromaji, yaani jibini, pale Mushaki, na wafugaji wa vilima vya karibu wote wanamletea maziwa yao.

“Papa Damascène! Muti ya presi imevunjika!”

“Si upige hodi kwanza, mama?”

“Hodi gani! Maziwa ya watu makumi mbili imeshaganda mu sufuria. Nikikosa kuikamua ingali na moto, yote ni chakula ya nguruwe. Nitasimama wapi mbele yao?”

Damascène akaanza kusema habari za fundi wa Karuba. Claudette hakumngoja amalize. Alikwisha kulitoa sanduku ndani, akalitua miguuni pake.

“Karuba ni mbali,” akasema. “Twende.”

Presi yenyewe haina maajabu. Ni gogo refu, upande mmoja limeshikwa na chuma kwenye nguzo, upande wa pili yananing’inizwa mawe, na katikati linaikandamiza fromaji ili maji yatoke. Pale kwa mama, Damascène akachagua gogo kavu la mkaratusi, akalikata. Msumeno ulikata vizuri. Alishangaa kidogo.

Ikabaki tundu la kupitisha chuma. Akaiweka mashine juu ya gogo, akailalia kwa kifua na uzito wake wote, kama baba yake alivyomfundisha. Mashine ikalia, ikalia tena, ikatoa moshi, kimya.

“Munaona?” akapiga kelele, karibu afurahi kwamba hakukosea. “Takataka! Nilijua mimi!”

Lakini tuseme ukweli, aliogopa. Maziwa yalikuwa yanapoa pale mbele yake, na kesho vilima vyote vingejua kwamba Damascène si fundi tena.

Mama Murekatete hakuwa anatazama mashine. Alikuwa anamtazama yeye.

“Papa, sababu gani unailalia hivyo?”

“Kutoboa njo hivyo, mama.”

“Fromaji ingali mupya, ukiilalia hivyo, ngozi yake inajifunga. Maji inabaki ndani, inaoza. Mimi naanza na jiwe moja tu. Nageuza, kisha naongeza. Hii mashine si iko na nguvu yake? Uiachie ifanye kazi!”

Ee! Fundi wa miaka ishirini na mitano kazini anafundishwa kutoboa na mama wa fromaji! Lakini mama alisema kweli. Keekee ya baba haikuwa na nguvu nyingine ila kifua cha mtu. Hii ina mota yake, naye kila alipoishika aliinyonga, kisha miaka miwili akaiita mbovu.

Wakangoja ipoe. Claudette aliipepea kwa sahani, midomo yake ikisali. Damascène akaishika tena, safari hii kwa mikono miwili tu, kifua mbali. Ikaingia. Akaichomoa imwage unga wa mbao, akairudisha, akaichomoa tena. Ilipobaki kama upana wa kidole, batri ikaisha. Hakutukana mtu. Akachukua patasi akamalizia kwa nyundo. Patasi ilikunjika ncha, maana chuma chake ni laini, tusiidanganye dunia. Akainoa kwenye jiwe, akaendelea mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili.

Wakafunga gogo, wakaning’iniza jiwe moja. Wote watatu wakainama, macho kwenye fromaji. Tone la kwanza likaanguka, kisha la pili, kisha maji yakaanza kutiririka.

“Inatoka! Aksanti Yesu, inatoka!” Mama Murekatete akapiga vigelegele mpaka ng’ombe wa jirani wakageuka. Damascène akajikalia juu ya bidoni tupu la maziwa, akacheka kama mtu aliyeponea mtoni.

“Sasa utuambie, papa,” mama akasema. “Hii vyombo iko mizuri ao mibaya?”

Akaigeuza mashine mkononi, akaifuta vumbi kwa shati lake.

“Ya baba ilikuwa mizuri zaidi,” akasema. “Lakini ile hairudi, mama. Ilienda.”

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo tangu warudi. Claudette, aliyelingoja miaka miwili, akafunika uso kwa kitenge akalia, kwa raha tupu, na mume wake akasimama akamshika bega. Mama Murekatete aliwatazama kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuongeza jiwe la pili.