Umri wa Mtu Mwekundu wa Itale

"Damas, kwa hiyo huyo mwanao naye utawaacha wamhesabu kuwa mzee kuliko babu yako?"

Aliyeuliza ni Ngollo, jirani wa Damas Jilala pale Kwihara, mwaka jana wakati wa kuvuna karanga. Aliuliza huku akitafuna na kucheka. Damas hakucheka. Tangu siku ile, anasema, swali hilo limemganda kama ruba.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano ya wiki hii, Damas amepiga magoti chini ya mwamba wa Itale, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka nyumbani kwake, kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani kwenda pwani. Mkononi ana brashi ya nywele laini. Anapangusa vumbi na utando wa buibui, kutoka juu kwenda chini, pumzi ameibana. Ukutani wanatokea twiga wawili, pofu mnene, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na watu wembamba kama njiti, wanakimbia.

"Ukihema vibaya unailowesha," anasema. "Rangi hii ni kama mgonjwa. Haitaki mikiki."

Damas ana miaka hamsini na minane. Huu ni mwaka wake wa pili wa kulinda na kusafisha michoro hii, kwa shilingi thelathini kwa mwezi. Mwajiri wake ni Mzungu ambaye wenyeji wamempa jina la Bwana Rangi, na kazi ya Bwana Rangi ni kutafuta umri wa michoro.

Si kazi nyepesi, maana mawe hayana cheti cha ubatizo. Bwana Rangi hutazama rangi ipi imelala juu ya ipi. Hapa Itale nyeupe hulala juu ya nyekundu. Basi nyekundu ndiyo ya kale. Amechimba pia chini ya ukuta, akaokota mkaa wa moto uliozimika kabla hata Mwarabu hajaikanyaga nchi hii ya Unyanyembe, akaupeleka Ulaya ukapimwe. Jibu bado.

"Miaka elfu, na pengine zaidi," anasema Modest, karani na mkalimani wake, aliyesoma misheni. "Watu wale hawakuwa na kalamu, ila walikuwa na habari ya kusema. Tazama. Huyu amemwona mnyama, huyu anamkimbiza, huyu amelala chini. Hadithi nzima hiyo, bila herufi hata moja."

Damas anaisoma kwa namna yake. "Huyo aliyelala hakufa. Amechoka tu. Angekufa, wangechora watu wamemzunguka. Nani anakufa peke yake?"

Anasema hivyo, kisha anarudi kwenye brashi yake.

Katikati ya ukuta, juu ya mgongo wa pofu, amesimama mtu mmoja mwekundu, mzigo begani, uso kaugeuzia nyuma. Udongo mweupe umemfunika miguu na tumbo. Katika daftari la Bwana Rangi yeye ni namba kumi na saba, na ameandikwa kuwa wa kale.

Namba kumi na saba alichorwa mwaka 1942.

Aliyemchora ni Lugembe, mtoto wa pekee wa Damas na mkewe Josepha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisaga udongo mwekundu, akauchanganya na mafuta ya ng'ombe kama alivyosikia wazee wakisema, akajichora mwenyewe. Siku ya tatu alipanda treni Tabora, akaenda kuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Walimpeleka vitani Burma. Mwaka 1944 ikaja barua bomani: haonekani. Haikusema amekufa, wala haikusema ni mzima.

Josepha akafanya alichofanya mama yake na bibi yake. Msafiri akikawia, mama humpaka udongo mweupe mahali alipoacha alama yake. Alimpaka miguu ili atembee, na tumbo ili asilale njaa. Alipaka miaka minne, kwa kujificha, kwani Jumapili hukaa benchi la mbele na wanawake wenzake wa parokia.

Hivyo nyeupe ikalala juu ya nyekundu, na Bwana Rangi akahesabu kama anavyohesabu.

"Hakutuuliza, na sisi hatukusema," anasema Damas. "Nikawaza, wacha wamzungushie senyenge. Mwanangu hana kaburi. Sasa ana mlinzi, na mlinzi ni mimi."

Wiki iliyopita Bwana Rangi alitangaza kwamba Ijumaa hii kila mchoro mpya utaoshwa, ili yule pofu wa chini anakiliwe mzima. Majina ya wachunga ng'ombe yatakwenda, na mistari ya mkaa. Namba kumi na saba atabaki. Damas alitakiwa kunyamaza tu.

Hakuweza. Anasema Kwaresima nzima alikuwa akikwama kwenye amri ile ya kutoshuhudia uongo. Lakini hilo, anakiri, si lote.

"Wamemwandika mtu wa miaka elfu. Mtu wa miaka elfu hana mama. Hana kwao. Lugembe ana kwao."

Saa mbili Bwana Rangi anafika na daftari lake. Damas anaweka brashi chini, anavua kofia, anasema yote. Modest anatafsiri, sauti ikipungua kila neno.

"Anauliza una hakika?"

"Mwambie ahesabu vidole. Lugembe hakuweza kuchora vidole. Kila mkono aliweka vitatu, akachoka."

Bwana Rangi anasogea, anahesabu. Vitatu na vitatu. Anakaa juu ya sanduku, anapiga mstari juu ya namba kumi na saba. Anamshukuru Damas, na inaonekana anamaanisha. Kisha anasema pofu yuko chini ya mchoro huo, hakuna namna, nao utaoshwa. Ijumaa.

Alasiri, Kwihara, Josepha anapepeta mtama kwenye ungo. Hainui kichwa mumewe anapoingia.

"Umemwambia."

"Nimemwambia, mama Lugembe."

"Akasemaje?"

"Ijumaa."

Ungo unaendelea. Makapi yanaruka, mtama unabaki.

Damas anakaa kwenye kigoda mlangoni, anaeleza alichopanga. Kesho atamwomba Bwana Rangi amnakili Lugembe kwenye karatasi kabla ya maji, na chini yake aandike jina, mwaka, na Kwihara. Karatasi moja iende Ulaya pamoja na za wale wa kale. Nyingine itatundikwa hapa ukutani, chini ya msalaba.

"Atakubali," anasema. "Ni mtu wa haki. Na jina likishaandikwa, mtu yeyote aliyemwona huko Burma akilisoma, si atatuletea habari?"

"Karatasi," anasema Josepha.

"Ndiyo."

"Mchwa wa nyumba hii unawajua."

"Tutaiwekea kioo."

"Na Ijumaa, baba Lugembe, brashi atashika nani?"

Damas anatazama mikono yake. Wekundu wa mwamba umeingia kwenye kucha.

"Ni kazi yangu," anasema. "Mwingine angemsugua kama sufuria."

Josepha anaweka ungo chini, mtama ukiwa bado haujaisha. Anajifunga kanga, anampita mumewe mlangoni, anashika njia ya Itale.