Aliyenionesha Logi Malindi

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na tumboni nna biriani, si njaa.

Mimi natengeneza kompyuta. Bi. Zuwena, mwenye nyumba ya wageni kule Malindi, alinipigia simu huku anahema. Programu yake ya kupangia wageni vyumba imegoma. Kila akiifungua, inajifunga. Na watu wa harusi kutoka Pemba wako njiani, hajui nani alale wapi.

"Niokoe mwanangu, ntaaibika," akanambia nilipofika, kisha akenda zake jikoni.

Nikapanda juu, nikakaa mbele ya mashine. Ugonjwa kama ule, unatafuta logi, yale mafaili ambamo kompyuta hujiandikia kila kinachoiharibikia. Nikafungua logi za mfumo: programu imezimika, basi. Kwa nini? Haisemi. Nikapekua huku na kule, jasho linanitoka.

"Hazimo humo," sauti ikasema nyuma yangu. "Hizo za kompyuta. Database, ile ghala ya taarifa za wageni, ina logi zake, zimo kwenye folda yake ya data."

Kugeuka, namwona mzee wa kanzu nyeupe, kajikalia kwenye kochi, ananukia udi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua ya mwisho. Soma chini, usisome juu."

Wallahi nikaikuta! Diski imejaa, database haina pa kuandika. Nikahamishia video za taarabu za Bi. Zuwena kwenye diski ya nje, nikawasha upya, programu ikafunguka.

"Ahsante, mzee. Kumbe nawe fundi?"

"Fundi wapi! Mimi nakaa namba nne. Programu ikifa, huyu bibi ananitilia wageni ovyo. Jana kanilalia Mtaliano kifuani, anakoroma!"

Nikacheka. Nikainama kuchukua mkoba wangu, macho yakaangukia miguuni pake. Kwato! Kwato za punda, ndugu yangu, na zimetiwa hina.

Ngazi nlishukaje? Sijui. Bi. Zuwena alinikuta uchochoroni na kiatu kimoja. Nilipomweleza, unadhani alishtuka?

"Kumbe bado yupo? Mie nlidhani kahama."

Akapanda juu, akaandika kwenye programu: namba nne ina mtu, daima dawamu.

Tangu siku ile, kila nikikosea folda, hata nikiwa kwangu, nasikia mtu anaguna nyuma yangu. Mke wangu naye anamsikia, keshaanza kumtilia kikombe cha chai. Basi wewe unayetengeneza mashine kwenye majumba ya zamani, ukielekezwa na usiyemjua, toa shukrani bila kugeuka. Na bora zaidi, anza kwa kuangalia diski kama ina nafasi.