Risasi Tupu za Bi Hedi

Hedi Abderhalden alikuwa amechoka, na hakumficha mtu. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwafundisha wageni wa bunduki kwenye kibanda cha shabaha juu ya kijiji, kila masika kabla ya shindano la Mei, na maneno yalikuwa yale yale: lala, tanua miguu, kitako kibane begani, vuta pumzi, toa nusu, bonyeza taratibu. Maneno yenyewe yalishamchosha mdomo. Magoti yalimuuma kwa kuwapigia magoti watu mkekani, na bega nalo lilikuwa na mambo yake.

"Mwaka huu ndio wa mwisho, Köbi," alimwambia mwenyekiti wa chama cha shabaha.

"Ulianza kusema hivyo mke wangu angali ananipenda," Köbi alijibu, akigeuza soseji kwenye makaa. "Nitafutie wa kushika nafasi yako, uende ukalale."

"Kwani wewe huwezi?"

"Nikifundisha mimi, watapiga ng'ombe wangu."

Kitu ambacho Köbi hakukijua ni kwamba tangu majira ya baridi Hedi alikuwa anauogopa mlio. Yeye, Hedi! Kabla bunduki haijalia, jicho linajifumba na bega linaruka, risasi inakwenda kula majani. Ni ugonjwa ule ule anaowatibu wageni kila mwaka. Siku hizi alikuwa akija kupiga peke yake, mapema, wenzake hawajafika. Alitaka kuondoka, ndiyo, tena sana, lakini aondoke watu wakimshukuru. Kuondoka huku anachekwa hakutaka, na aibu hiyo ilimnyima usingizi.

Jumatano ile mgeni alikuwa mmoja tu, Selina Bösch, muuguzi, binti mwenye maswali mengi. Ilikuwa jioni yake ya tatu na bado alikuwa akishtuka. Hedi akatoa mfukoni risasi zake tatu tupu, za shaba, zisizo na baruti, alizotembea nazo miaka yote hiyo. Akawa anamjazia bunduki yeye mwenyewe, moja moja, mkono ameuficha: mara ya kweli, mara tupu.

Klik. Haikulia, lakini mtutu ulizama kama uliopigwa kofi.

"Ala!" Selina akacheka. "Nimeruka bure!"

"Hiyo ndiyo hofu yako, umeiona mwenyewe. Tena."

Wakaendelea hivyo hadi mtutu ukatulia. Selina akaketi, akajipangusa jasho.

"Sasa zamu yako, Bi Hedi. Nataka kuona inavyopigwa."

"Mimi nimechoka, mwanangu."

"Mwonyeshe bwana!" Köbi akadakia kutoka kwenye makaa. "Au mpaka tukupigie magoti?"

Jua lilikuwa nyuma yao, upepo haukuwapo. Kisingizio kingetoka wapi? Hedi akalala mkekani. Selina akamjazia. Bunduki ikalia, jicho likajifumba, na kioo cha alama kilichokuwa pembeni kikaonyesha sifuri.

"Loo, sifuri!" Köbi akapiga kelele. "Umelenga Austria, ng'ambo ya mpaka?"

 Uso ulimwaka moto Hedi, akasubiri binti acheke.

Selina hakucheka. Alihama upande, akapiga magoti kati ya Hedi na makaa, mgongo wake ukamkinga Hedi, Köbi asione kitu. Kisha akajaza tena, mkono ameuficha.

Klik. Mtutu ukazama.

Hedi alibaki amelaza shavu kwenye mbao za bunduki. Risasi zake mwenyewe! Alisikia hasira, halafu akasikia kutaka kulia.

"Hiyo ndiyo hofu yako," Selina alimnong'oneza, bila kejeli. "Tena."

Akamjazia mara nane, akimwambia vuta pumzi, toa nusu, taratibu, maneno yale yale, ila kwenye mdomo wa binti huyu hayakuwa yamechoka. Ya tisa ililia. Kioo kikaonyesha alama tisa kati ya kumi.

"Ehee! Kumbe ulikuwa unatutania!" Köbi akasema.

Hedi akainuka kwa kushika ukuta. Akamwendea Köbi, akachukua soseji aliyopewa, hakuila.

"Nimempata mtu."

"Nani? Huyu? Si mwenyewe ndio kwanza anajifunza!"

"Mpeleke kozi ya ualimu. Amenizidi."

"Amekuzidi wewe? Acha utani."

"Köbi, mimi sijawahi kumkinga mtu."

Köbi hakuelewa. Hedi alimrudia Selina akamkabidhi risasi zile tatu tupu, akachukua koti lake. Mapumziko aliyoyaomba miaka na miaka alikuwa ameyapata, na yalimuuma kuliko magoti. Alipofika langoni alikuwa bado anapapasa mfuko uliokuwa na risasi zile.

Selina akamkimbilia. Akatazama kwanza kama Köbi yuko mbali.

"Bi Hedi, Jumatano ijayo uje saa kumi na moja, wenzetu hawajafika."

"Nije kufanya nini? Nimeshastaafu mimi."

"Kulala mkekani. Jicho bado linajifumba."

Hedi akaacha kupapasa mfuko. Ilikuwa miaka mingi hajaambiwa na mtu afanye nini.

"Saa kumi na moja," akasema. "Na mkeka ule mwembamba siutaki."